Kioo cha Juu ya Paa

Fundi umeme alibonyeza swichi kwa madaha mbele ya mama mkwe wake, lakini taa ya gari alilokuwa ameligeuza nyumba haikuwaka. Akabonyeza tena. Wapi.

Safari nzima alikuwa akijigamba kwamba huku porini hawahitaji nguzo wala waya, jua litajaza betri.

Akapanda ngazi hadi juu ya paa. Paneli ya sola ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa shuka la maua, limebanwa na mawe manne.

"Limekauka, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka chini. "Hicho kioo chako kinashika joto vizuri."

Akaondoa mawe, akalikunja shuka taratibu. Mkwe ni mkwe.

"Limekauka, mama. Betri ndiyo mbovu."

"Pole. Basi kesho nifue na mablanketi."