Pamoja Naye

Koti lilikuwa chini ya kitanda, limeviringishwa ndani ya shuka kuukuu. Koti la kiume, zito, la nchi za baridi, na mapindo ya mikono yake bado yameshikizwa kwa pini. Mume alilitazama kama mtu aliyekuta nyoka chumbani. Miaka yote ya ndoa yao, mkewe hajawahi kumshonea hata kaptura ya kulalia bila kumzungushia futi kiunoni, na mwaka huu hajampima hata mara moja. Basi koti si lake. Alilirudisha lilipokuwa, wala hakulijaribu. Ajaribu nguo ya mwanamume mwingine ndani ya nyumba yake mwenyewe? Thubutu!

Mume alidhani anamjua mwanamume huyo. Kiwandani alikoshona mkewe kulikuwa na mkata vitambaa waliyembandika jina la Futi, kwa sababu futi hakuihitaji: akikutupia jicho mara moja tu amekwisha kujua kiuno chako na urefu wa miguu yako. Futi alinukia marashi, na jioni alimsindikiza mke wa watu mpaka mlangoni. Juzi alimshika mume mabega yote mawili, akamtazama toka shingoni hadi magotini, akatabasamu.

"Umenawiri, shemeji."

Shemeji! Mume alijiona amepimwa akaonekana hafai.

Wageni wa ng'ambo walikuwa wanakuja kiwandani kuwahoji mafundi, na atakayefaulu angeondoka kwa mkataba wa miaka miwili. Walichukua watu wawili wawili. Futi alikuwa amekwisha kupita. Mke naye alitaka kupita, lakini zaidi ya hapo hakufungua kinywa. Mwaka uliopita safari yake na mumewe ilitangazwa mtaa mzima, ikayeyuka, na majirani wakawacheka hadi kwenye foleni ya maji. Siku hiyo mke aliapa kwamba safari nyingine ataificha hata mto anaolalia usiijue.

Alichoomba kwa mumewe ni Kiingereza tu. Mume alikuwa mhudumu wa hoteli mpaka hoteli ilipofunga milango, kwa hiyo maneno alikuwa nayo.

"Nifundishe kusema 'pamoja naye,'" mke alimwambia huku akipiga pasi. "Na 'kwake.' Na 'kwa ajili yake.'"

"Naye nani?"

Mke akacheka, akainamia pasi. "We nifundishe tu. Utamjua siku yake."

"Mwanamume?"

"Ulitaka awe nani, mwanamke mwenzangu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, mume alijisemea, na chake kilikuwa nguo kabisa, tena kimebakiza vifungo tu.

"Na 'bila yeye'?" mke aliendelea. "Nataka niwaambie hivi: sitakwenda bila yeye. Siwezi kuishi bila yeye."

Anayasema hayo bila haya, mbele ya macho ya mumewe! Mume angeweza kuuliza koti ni la nani. Lakini alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyopata kumwambia, akaliogopa jibu, na aogopaye jibu hupita uchochoroni. Aliwaza kwamba hao wawili wawili ni mkataji na mshonaji wake. Fundi akimkana mwenzake mbele ya wageni, ataachwa, abaki nyumbani.

Akayageuza maneno.

"'Pamoja naye' ni *without him*," alisema, amekaza uso. "'Bila yeye' ni *with him*."

"Widhauti himu," mke alirudia. "Mbona refu?"

"La pamoja lazima liwe refu. Si mko wawili?"

Mke aliiona hekima ndani yake, akaanza kukariri. Alikariri akiosha vyombo, akakariri akisuka nywele: *I go without him. I cannot live with him.* Mume alimsahihisha matamshi kwa bidii ya mwalimu wa kulipwa, na kila mkewe alipopatia, moyo wake ulitulia kidogo.

Siku ya mahojiano mke alirudi mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

"Nimepita, mume wangu! Sikukwama hata neno moja. Yule mama mgeni aliponiuliza habari zako tu, nikamiminika."

"Habari zangu?"

"Sasa za nani? Si wanachukua fundi na mwenzi wake? Futi anakwenda na mke wake, ndiye aliyenifungua macho." Alivuta pumzi. "Nikamwambia kama ulivyonifundisha. Basi yule mama machozi yakamlengalenga! Akanishika mikono, akanikumbatia. Nikatia sahihi palepale."

Mume alitafuta mahali pa kukaa.

"Kitu kimoja tu sijakielewa," mke alisema, akitoa bahasha. "Tiketi ni moja, ina jina langu peke yangu. Na picha ya chumba aliyonionyesha, kitanda chembamba, halafu akawa ananionyesha kwa vidole jinsi mlango unavyofungwa kwa komeo la ndani. Futi anasema nafasi za wenzi zimejaa leo hii, lakini yule naye mzaha umemzidi. Yako wataileta kesho, eti?"

Mke hakungoja jibu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akavuta shuka kuukuu, akaanza kuchomoa pini moja moja na kuzibana midomoni.

"Simama, bwana, acha kushangaa," alisema kupitia pini.

Mume akasimama. Mke akamvisha koti, akalifuta mabegani kwa viganja vyake, akarudi nyuma kulitazama. Lilimkaa barabara, toka shingoni hadi magotini.