Bulu wa Mashairi

"Kunywa chai kwanza," alisema Bibi Labanya. "Halafu ndiyo uniulize hilo swali linalokuwasha."

Damayanti akapokea kikombe kwa aibu. Swali lenyewe lilikuwa la kumuuliza mjane habari za kipenzi cha marehemu mumewe. Lakini angefanyaje? Filamu yake ya kumuenzi mshairi Nishanath Sarkhel ilikuwa tayari yote isipokuwa mwisho wake, na Kolkata nzima ilitaka kujua jambo moja tu: Bulu ni nani?

Vitabu vitano vya mashairi ya mapenzi, vyote vinamlilia Bulu. Wataalamu walimsaka kwa wacheza ngoma, wakamsaka kwa waigizaji, wakamshuku hata mke wa daktari mmoja, maskini, mpaka akahama mtaa. Mshairi mwenyewe kila alipoulizwa redioni aliangua kicheko: "Muulizeni mke wangu!" Watu wakacheka naye. Nani angethubutu?

Damayanti alithubutu. Mashairi hayo alikuwa akiyalalia na kuyaamkia tangu shuleni, na kuyaonyesha bila Bulu aliona ni sawa na harusi bila bibi harusi. Akamkonyeza mpiga picha, kamera ikawashwa.

"Bibi, unisamehe. Huyo Bulu ulimjua?"

"Tena sana. Kala wali wangu miaka na miaka."

"Humu humu ndani?"

"Sasa angekula wapi? Mlafi yule! Kichwa cha samaki hakumwachia mtu."

Chai nusura immwagikie Damayanti. Mwanamke gani huyu mwenye moyo kama bahari!

"Na hukuona wivu, Bibi?"

"Wivu wa nini, mwanangu?"

"Basi nisaidie. Tazama kamera, useme tu, 'Bulu alikuwa fulani.'"

Bibi Labanya akajifunika mdomo kwa upindo wa sari. "Jina hilo silitamki. Tangu niolewe halijatoka kinywani mwangu, na leo halitoki."

Kumbe donda halijapona, aliwaza Damayanti, na machozi ya huruma yakamlenga. Alijilaumu kwa kulitonesha. Ili kubadili mazungumzo akaghani ubeti anaoupenda kuliko yote: "Bulu, ukichelewa, wali hununa..."

"Wali *nao* hununa," Bibi akamsahihisha. "Kwani alinuna wali peke yake?"

Kicheko kikapasuka mlangoni. Dada mkubwa wa mshairi, ajuza asiye na jino hata moja, alikuwa amesimama pale akisikiliza, mbavu hana.

"Wifi, mtoto wa watu umemtesa vya kutosha!" alisema, akijifuta macho. Kisha akamgeukia Damayanti. "Nyinyi wa siku hizi mnawaita waume zenu majina kama mnaita paka, mtajulia wapi? Bulu ni jina la nyumbani la mdogo wangu Nishanath. Nilimpa mimi, akiwa bado anatambaa. Na huyu wifi yangu ni mke wa kizamani, jina la mume kwake ni mwiko."

"Mwiko kabisa," Bibi Labanya akaitikia chini ya sari, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mwiko kulitaja," wifi yake akamjibu. "Kuliandika, umejaza vitabu vitano."