Hukumu ya Bruno

Éliézer alipotoka jikoni na chai, mama yake alikuwa ameshakitia kitabu kwenye mkoba wake.

Alikiona kidogo tu kabla zipu haijafungwa: jalada la buluu, wanaume wawili wameketi kwenye benchi, kichwa cha mmoja kimelala begani mwa mwenzake, na jina moja kwa herufi kubwa, *Bruno*.

"Ni roman, hii?" aliuliza Maman Pétronille.

"Ndiyo, Maman, ni riwaya. Lakini si yangu. Ni ya Sylvestre."

"Niliinunua ju ya picha tu, Maman," Sylvestre alisema. Alikuwa ameshashika koti. Asubuhi ile ile alikuwa amekinunua kitabu hicho kwenye soko la vitu vya zamani la Jeu de Balle, pamoja na taa ya mezani, na hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kukifungua. Akaaga kwa adabu, akashuka ngazi.

Ndivyo alivyofanya kila Jumapili. Tangu Éliézer alazwe hospitali kwa ugonjwa wa mapafu mwezi wa Januari, mama yake alikuja kwao Saint-Gilles, Brussels, kila wiki na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kuhakikisha kwamba anakula. Kwa miaka mitatu alikuwa ameambiwa kwamba Sylvestre ni mpangaji mwenza. Hakuwahi kuuliza zaidi.

"Bon," alisema Maman Pétronille. "Nitasoma kazini, saa ya pause, nikipumuzika."

Wiki ile Éliézer alichoma mashati mawili kwa pasi. Mama yake alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ile ile aliyolazwa Éliézer, huko Woluwe, alifundishwa na masista Bukavu, na kwaya nzima ya parokia ilimwogopa. Éliézer alimwona akilini akifunua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akichukua simu kumwambia asimwite mama tena.

Simu ililia Jumatano.

"Nimeanza ile roman," alisema Maman Pétronille. "Uyu Bruno, simupendi hata kidogo."

Éliézer akaketi sakafuni. "Ju ni mwanaume anayependa mwanaume mwenzake?"

"Ju ni muntu wa bwoga! Mama ya mwenzake akiingia, yeye anatoka. Mvua inanyesha, yeye anazunguka mu barabara kama muntu asiye na nyumba. Ule mama atamukula?"

"Labda anamheshimu, Maman."

"Heshima gani ya kukimbia? Tena anatia chumvi mu chakula mbele ya kuonja. Anaharibu kazi ya batu." Akakata simu.

Sylvestre alipopata habari hiyo alicheka hadi akashika ubavu. "Bruno ni mujinga kabisa," alisema. "Si angekaa tu, anywe chai?"

Éliézer alimtazama. Sylvestre akakohoa, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Lakini Jumapili ilipofika, Sylvestre alivaa koti tena.

Wiki ya pili mama aligundua kwamba Bruno hajui kuomba msamaha, na kwamba akinuna anaweza kukaa siku mbili bila kusema neno. Wiki ya tatu hakupiga simu kabisa. Éliézer akashindwa kuvumilia. Jumamosi mchana alikwenda mwenyewe kwake, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge, Chaussée de Wavre.

Maman Pétronille alikuwa akichambua maharagwe. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa gazeti ili jalada lisichafuke.

"Umemaliza, Maman?"

"Nimemaliza. Na wewe, ulifika pale pa hospitali?"

"Nilifika," Éliézer alidanganya. "Lakini nimesahau vile ilivyokuwa."

"Alors, sikiliza." Akaacha maharagwe. "Mwenzake amelazwa, mapafu yamekamatwa. Bruno haingii mu chumba, anaogopa atakuta famille ya mwenzake. Lakini siku tatu analala ju ya kiti ya corridor. Kiatu ya kuume nyeusi, ya kushoto brune kama kahawa, alivaa bila kuangalia. Bauguzi wanamufukuza, anashuka, anapandia ngazi ingine. Asubuhi ananawa uso ku robinet ya maji, anaenda kazi. Na mwenzake hajui mpaka leo, ju ule muntu hasemi kitu."

Éliézer akaokota harage moja lililoanguka sakafuni. Waandishi hawa, akawaza, hujuaje mambo ya watu?

"Basi unamuhukumu vipi?"

Maman Pétronille alijifuta mikono, akaketi wima kama jaji anayejua kwamba hukumu yake haina rufaa.

"Mapungufu iko nayo mingi," alisema. "Lakini muntu wa kulala ju ya kiti siku tatu, mimi simufukuzi. Namusamehe. Ila aache kukimbia. Anikute mezani, nimuone uso. Umuambie."

"Nitamwambiaje, Maman? Ni muntu wa mu kitabu."

"Ah, bon," alisema mama yake, akamrudishia kitabu, akaendelea na maharagwe.

Kwenye tramu Éliézer alipata kiti karibu na dirisha. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miezi mingi. Alitaka kuutafuta ukurasa ule wa hospitali, aukunje kona, amsomee Sylvestre kwa sauti jioni hiyo.

Alifungua mwanzo. Akafungua katikati. Akafungua mwisho.

Kitabu kizima kilikuwa cha Kiflamand, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji, lugha ambayo mama yake, baada ya miaka tisa ya kuishi Brussels, alijua kusema "dank u", asante, tu, basi.