Nusu ya Sauti ya Baba

Pii. Pii. Pii.

Mlio ulikuwa mwembamba, mkali, kama wa kifaranga aliyepotezwa na mama yake. Fundi alipunguza muziki wa kompyuta ya duka, akatega sikio.

"Hiyo ni yako au yangu, dada?" mteja aliuliza.

"Yako, kaka. Yangu inajua kuimba tu."

Kompyuta hiyo ya duka fundi aliiunga mwenyewe kwa mabaki: kioo cha huyu, kasha la yule, na diski ambayo mteja mmoja aliisusa mwezi uliopita. Diski hiyo aliipima dakika mbili, akaona haina kitu, akaifuta ikafutika, akaijaza nyimbo pomoni. Fundi huyu hakuwa wa kubembeleza vyuma. Mlangoni pake paliandikwa kwa rangi nyekundu: HATUSHINDWI.

Lakini kasha hili kuukuu la kompyuta ya mteja lilikuwa linamshinda tangu asubuhi. Diski iliyokuwamo ilizunguka vizuri, nzima kabisa, ila ilichokitoa kilikuwa makapi matupu, hakina kichwa wala miguu.

"Mama hamalizi wiki," mteja alisema, kwa mara ya tatu sasa. "Dawa hataki, chakula hataki. Anataka sauti ya baba. Mzee alijirekodi humo, anamsomea mashairi aliyomtungia."

Fundi alimulika ndani kwa tochi ya simu. Mlio ulitoka kwenye kadi pana kama kiganja, iliyochomekwa chini kabisa. Asubuhi aliidhani ni ya sauti, akaichomoa. Sasa alikuwa ameirudisha kwa kubahatisha tu, nayo ikapiga yowe. Akaipangusa vumbi, akasoma namba yake, akaitafuta kwenye simu.

"Loo!"

"Nini?"

"Kumbe kadi hii ndiyo inayoongoza diski! Sikuitegemea kwenye mashine ya umri huu. Mzee wako alikuwa mtundu, kaka. Kila alichohifadhi, inakikata vipande: hiki diski hii, kinachofuata diski ile. Diski moja peke yake ni mkasi uliovunjika upande mmoja. Kadi inalia kwa sababu haioni ya pili. Iko wapi?"

Mteja aliinamisha kichwa. "Tuligawana."

"Mligawana nini?"

"Kila kitu. Mimi na mdogo wangu, baada ya mazishi. Viti sita: vitatu, vitatu. Mpaka vijiko. Kwenye kompyuta mimi nikachukua kasha na diski moja, yeye kioo na diski moja. Asinizidi." Alicheka kicheko kikavu. "Miaka saba hatusalimiani."

"Leo utamsalimia. Mpigie aje nayo. Nitaziunga mbele ya macho yenu."

Mteja alipiga, akailaza simu mezani, spika wazi.

"Nani?"

"Mimi. Kaka yako."

Kadi peke yake ndiyo iliyosema: pii, pii.

"Mama amefariki?"

"Hajafariki. Anataka kumsikia baba. Ile diski yako, mdogo wangu, nakuomba. Unayo?"

Upande wa pili mtu alivuta kamasi. "Nisamehe, kaka. Mwezi uliopita mama aliniomba na mimi. Nikaipeleka kwa fundi, akasema haina kitu. Nikaiacha hukohuko."

"Fundi gani?"

"Yule wa mlango ulioandikwa Hatushindwi."

Mteja aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alicheka huku machozi yakimtiririka. "Mdogo wangu, niko hapohapo! Njoo! Njoo mbio, twende wote kwa mama!"

Akamshika fundi mikono yote miwili, akaitikisa. Fundi aligeuza shingo, akaangalia kule ilikokuwa ile diski aliyoifuta. Nyuma yake kompyuta ya duka ilimaliza wimbo mmoja, ikaanza mwingine.

Mteja hakumngoja. Alikuwa ameshapiga simu nyingine.

"Mama? Tumepatana, mimi na mdogo wangu. Diski zote mbili zimeonekana. Tulia hapo kitandani, mama, usiende popote. Nakuahidi, kabla jua halijazama utamsikia baba."