Mwoga wa Ukoo

“Tena!” shangazi alifoka, na kipaza sauti kikafoka naye. “Wewe ni mtoto wa watu au panya wa stoo?”

Kidoti alisimama juu ya stuli katikati ya sebule, soksi moja imeshuka, midomo ameibana. Alikuwa na miaka sita. Shairi lenyewe lilikuwa la beti mbili tu, la tone la mvua, na sherehe ya shule ilikuwa Jumamosi.

“Mimi ni…” alianza.

“Ni nani? Ni bubu?”

Mtoto akainamisha kichwa, akaitazama soksi iliyoshuka.

Shangazi alikuwa mshereheshaji. Hakuna harusi ya mtaa ule ambayo haikupita kinywani mwake, na wageni waliotaka kula kwa amani walishajua kuketi mbali na spika. Aliposikia kwamba mtoto wa kaka yake anaogopa jukwaa, alikuja na kipaza sauti chake bila kuitwa. Kaka mwenyewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Hakuwepo wa kumzuia.

“Ukoo huu haujawahi kuzaa bubu,” alitangaza.

Mama Kidoti, muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alivua viatu, akasema taratibu, “Wifi, jana nilimsikia bafuni. Alilisema lote, na madoido juu.”

“Bafuni kila mtu malkia. Mlango ulipofunguliwa je?”

“Ulipoufungua wewe, akanyamaza.”

“Umeona!” shangazi alisema, akapiga makofi kwa ushindi.

Kesho yake alikwenda shuleni kumwona huyo mwalimu wa chekechea aliyeshindwa kazi. Alimkuta amechuchumaa sakafuni, macho yake sawa na macho ya watoto. Mtindo wake ulikuwa mmoja: mtoto amsimulie mwenzake mmoja kwanza, kesho wawili, baadaye darasa zima, na asiwepo wa kucheka. Kidoti alikuwa mbele ya wenzake, mkono mmoja hewani. Shangazi alipoingia, mkono ule ulishuka.

“Hapa anasema vizuri sana,” mwalimu alisema. “Sasa hivi alikuwa katikati ya shairi.”

“Mbona mimi sijasikia kitu?”

Mwalimu alimtazama mtoto, kisha akamtazama shangazi. “Labda Jumamosi mngetuachia sisi.”

“Nikuachie wewe? Unayenong’ona kama mtu anayeiba sukari?” Shangazi alicheka mpaka watoto wawili wakaziba masikio. “Mimi nitakaa mstari wa mbele, ana kwa ana naye. Akikwama, napanda nalisema mwenyewe.”

Jioni ile alimrekodi Kidoti akigugumia juu ya stuli, akairusha video kwa ukoo mzima. “Simba wetu huyo,” aliandika. Simu ikaanza kulia vicheko vya wajomba na mabinamu, na shangazi akavisikiliza kimoja kimoja kwa sauti ya juu, mtoto akiwa hapo hapo. Kicheko ni dawa, alisema, humkomaza mtu. Kufika Ijumaa, Kidoti hakuwa anamjibu hata mama yake.

Jumamosi shangazi alipita saluni kwanza, maana mstari wa mbele hauendewi na kichwa cha nyumbani. Umeme ukakatika nywele zikiwa mbichi. Alipofika, ukumbi ulikuwa umefurika. Ikambidi asimame nyuma kabisa, nyuma ya mababa warefu walioinua simu zao, akijipenyeza kama mbuzi uani.

Kidoti alikuwa tayari jukwaani, soksi zote mbili zimepanda.

“Mimi ni tone la mvua, natoka kwenye mawingu!”

Sauti ilifika mpaka nyuma, bila kipaza. Mikono ilipaa, ikashuka, vidole vikanyesha. Alipofika mahali tone linapogonga bati, alikanyaga mbao kwa kishindo, watu wakaangua kicheko, naye akangoja kicheko kiishe kabla ya kuendelea, kama mtu aliyezaliwa jukwaani. Mama yake, bado na sare ya hospitali, alilia bila kujifuta.

Shangazi alimpiga kikumbo baba wa watu aliyekuwa pembeni yake. “Unamwona yule? Mkono wangu huo. Nimemfinyanga tangu akiwa udongo mbichi. Wangemwachia yule mwalimu wao, leo tungekuwa tunaangalia gogo.”

“Hongera, mama,” yule baba alisema, akihamisha mguu wake.

Makofi hayakutaka kuisha. Mwalimu mkuu, mzee mcheshi, alipanda jukwaani na kipaza sauti mkononi, akainama karibu na Kidoti.

“Mwanangu, juzi juzi tu uliambiwa ni mwoga. Hebu waambie wazazi hawa, woga wako umeondolewa na nini?”

Huko nyuma shangazi alishaanza kusukumana na watu, nywele mbele, tabasamu tayari. “Nipisheni jamani, naitwa!” Lakini makofi yalimmeza.

Kidoti alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Ukumbi ukatulia.

“Nilichungulia kwanza pembeni ya pazia,” alisema, kwa sauti iliyonyooka. “Shangazi hakuja.”