Jedwali la Mwanakheri

Waliokuwapo mezani asubuhi ile walikuwa Mhina, mwenye nyumba. Sauda, mkewe wa pili, aliyeolewa baada ya Mwanakheri kufariki, na mwandishi wa programu ya nyumba. Na Bi Nyange, mama yake Mhina.

Kumbukumbu za kila familia huhifadhiwa katika hifadhidata ya serikali iliyo kwenye wingu, kila mtu na jedwali lake, na kila nyumba hupewa muunganisho mmoja tu wa kuzisoma. Mtu akimaliza kusoma, programu huufunga ili mwenzake asome. Wiki nzima Sauda alikuwa akiomba kuitazama harusi yake, akijibiwa na programu asubiri.

"Mume wangu, ule mstari wa programu wa kufunga muunganisho umeufuta wewe?"

Mhina alikoroga chai. "Nilikuwa namsikiliza Mwanakheri kidogo."

"Kidogo! Marehemu anaongea wiki nzima, mimi niliye hai napanga foleni!"

Bi Nyange alicheka, akamgeukia Sauda. "Mwanangu, mke mwenza wa kaburini hajui zamu. Vumilia."

"Basi lifute jedwali lake," Mhina alisema kwa upole, akijua kwamba sheria inakataza kufuta kumbukumbu za marehemu.

Sauda aliijua sheria hiyo vizuri. Sheria ilikataza kufuta, kuongeza haikukataza. Aliivuta kompyuta, akaandika kwa utulivu, kisha akaifunika.

"Nimeamua, nanyi mjue," alisema. "Kuanzia leo, kila nikicheka, nikiimba au nikikuita, programu itaniandika katika jedwali la Mwanakheri, kwa jina lake. Endelea kumsikiliza; utakayemsikia ni mimi."