Anayeifikiria Keki

Hapa Jena, mji wa chuo kikuu, hakuna mwanamke anayeijua falsafa kunishinda mimi. Basi, naijua kwa kuwafulia mashati wanaoisomea.

Tangu mume wangu azikwe, watu waliniita mjane wake tu, hata nami nikadhani sina jina jingine. Leberecht, mwanafunzi aliyepanga chumba kwangu, alirudi kutoka kwa profesa wake wa falsafa akanikuta nainyunyizia sukari keki ya matunda ya plamu.

"Bibi, fumba macho. Ifikirie keki."

"Naifikiria tangu alfajiri, imenichosha!"

"Haya, iache. Sasa mfikirie huyo anayeifikiria."

Nilicheka, kisha nikafumba macho. Mikono yangu ilikuwa bado na joto la tanuri. Ndani yangu hakuwamo mjane wala mfua nguo. Nilikuwamo mimi, nimekaa kimya kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti. Machozi yakanitoka. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na kijana.

"Ahsante, mwanangu. Nawe umejiona?"

"Nimejiona, Bibi. Nilifumba macho muda wote, sikugusa kitu."

Nikafumbua yangu. Masharubu yake yalikuwa meupe kwa sukari.